Kipimo cha Mitsuko

Oktoba ya mwaka 2018 nilikuwa natengeneza sakafu ya nyumba ya akina Nagahori. Mimi ni seremala, na katika mtaa wetu wa Kamimachi, huku juu kwenye milima ya Shimane, seremala hatafuti kazi. Nyumba zenyewe zinamwangukia. Tulikuwa na nyumba ishirini na tatu, na kumi na moja kati ya hizo hazikuwa na watu. Shule ilikuwa na watoto saba. Wakubwa wa elimu walishatuambia kwamba Aprili ikifika bila mtoto wa nane, wanafunga.

Dada yangu Chizuru ndiye alikuwa mwenyekiti wa mtaa. Ni dada yangu wa tumbo moja, kanizidi miaka mitano, mjane, na mwanawe wa pekee yuko Nagoya. Yeye ndiye aliyeleta wazo la matembezi. Jumapili moja ya Novemba tungefungua nyumba tano za kale, zile zilizojengwa na matajiri wa chuma enzi za mababu, tuwaite watu wa mijini waje wazunguke, waone, wale, wapende. Huenda mmoja wao angehamia.

"Mimi ningekuwa mtu wa Osaka," alisema Mzee Tokuji, mwenye duka la pombe, tulipokutana kupanga, "nikikiona choo chako tu, Chizuru, narudi kwenye basi mbio."

"Wewe ungekuwa mtu wa Osaka," dada akamjibu, "wangekuwa wamekufukuza zamani ukaishia huku huku."

Tukacheka. Lakini ilipotajwa nyumba ya Nagahori, dada aliinama akajifanya anatafuta kalamu. Mimi niliona.

Nyumba ile ndiyo nzuri kuliko zote. Ilikuwa imefungwa miaka ishirini na minne, tangu alipokufa mwenyewe, mama mmoja aliyeitwa Shige. Jina hilo hakuna aliyelitumia. Mtaa mzima ulimwita Mama Mitsuko, kwa binti yake mmoja, na uliendelea kumwita hivyo hata baada ya binti kufariki. Mitsuko alikufa Januari 1963, mwaka wa theluji kubwa. Alikuwa na miaka sita. Homa ilimshika wakati barabara imezibwa na theluji, daktari yuko bondeni. Maiti ilikaa siku tisa kwenye chumba cha ndani kabla theluji haijaruhusu watu kuibeba, na mama yake alikaa nayo siku zote tisa.

Katika chumba hicho kuna nguzo ya mbao ya mseda, nene, nyeusi kwa moshi wa miaka mingi. Juu yake zilikuwepo alama za kisu za kupimia urefu wa mtoto, kama zilivyo kwenye nyumba nyingi za kwetu, na mwaka umeandikwa kwa wino mbele ya kila alama. Zilianzia chini ya kiuno changu, zikapanda hadi mabegani. Ya mwisho ilikuwa ya 1970. Juu ya hapo mbao ilikuwa safi. Nina hakika, kwa sababu nguzo ile niliisugua mwenyewe kwa mafuta ya pumba za mchele, kutoka chini hadi darini, kwa mikono yangu hii.

Sikujiuliza mtoto aliyekufa 1963 alipimwaje hadi 1970.

Siku ya matembezi ilipambazuka nzuri. Anga lilikuwa la buluu, matunda ya kaki yamemenywa na kuning'inizwa yakauke kwenye kila upenu, wanawake wanachemsha tambi za soba kwenye masufuria makubwa. Basi lilishusha watu thelathini na wanne. Miongoni mwao walikuwemo akina Inoguchi wa Osaka: mume, Kazuhiro, mtu wa kompyuta anayefanyia kazi nyumbani, mkewe, Sanae, na binti yao Wakana, mwenye miaka saba. Mtaa mzima ulimtazama mtoto yule kama watu wenye njaa wanavyotazama sinia.

Dada ndiye aliyewaongoza ndani ya nyumba ya Nagahori. Mimi nilisimama mlangoni, nawapangia wageni viatu. Ilikuwa kama saa tano asubuhi. Nilimsikia akieleza habari za paa, za jiko la udongo, za ghala. Kisha nikamsikia Sanae.

"Wakana yuko wapi?"

Hakuna aliyeshtuka. Nyumba ni kubwa, na watoto hupenda kuchungulia. Dada na Sanae walipita vyumba viwili, nami nikawafuata. Mlango wa kusukuma wa chumba cha ndani ulikuwa umefungwa. Dada akausukuma.

Mtoto alikuwa amesimama kwenye nguzo.

Mgongo ameunyoosha. Visigino amevibana. Kidevu kimeingia ndani, macho yanatazama mbele. Hakugeuka kututazama.

"Wakana," mama yake akaita.

"Shh," mtoto akanong'ona, midomo haichezi. "Bibi kasema nisitikisike."

Tulingoja. Sijui kwa nini sote watatu tulingoja, lakini tulingoja. Kisha mtoto akashusha mabega, akainama kidogo kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu, akasema, "Asante," akaja kwa mama yake.

Kwenye nywele zake, katikati ya utosi, kulikuwa na kipande kidogo cha maranda ya mbao, cheupe, kibichi, kama kilichotoka kwenye kisu sasa hivi.

Dada alikipangusa haraka kabla Sanae hajakiona. Lakini alama mpya kwenye nguzo Sanae aliiona, akafurahi sana.

"Kumbe mnawapima watoto," alisema. "Jambo zuri kweli. Bibi mwenyewe yuko wapi nimshukuru?"

"Ametoka," dada akasema.

"Ameniuliza kama nitakuja tena mwakani," Wakana alisema, "nikamwambia sijui."

Sanae na mtoto walipokwenda kumwita Kazuhiro aje aone chumba, dada alibaki amesimama palepale. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Mori," akasema polepole. "Tazama juu."

Nikatazama. Juu ya alama ya 1970 mbao haikuwa safi tena. Kulikuwa na alama ya 1971. Juu yake ya 1972. Kisha mkato mmoja mpana, uliokatwa palepale mara nyingi mno hata umechimbika kama mdomo, na mbele yake miaka imepangwa kwa wino, safu nzima. 1973. 1980. 1989. 1994, mwaka aliokufa Mama Mitsuko. 1995. 2001. 2010. Mwandiko ni ule ule. Chini ya mkato ule mpana kulikuwa na alama nyingine ndogo, zinashuka kidogo kidogo, kama mtu anayefupishwa na uzee.

Ya chini kabisa kati ya hizo ilikuwa ya mwaka ule.

Dada alisogea. Akaweka kiganja bapa juu ya kichwa chake, akakisogeza hadi kwenye nguzo. Kiganja kiliangukia kwenye ile alama. Hakikuzidi, hakikupungua.

Alichonieleza jioni ile, tumekaa jikoni kwake, miguu chini ya meza yenye blanketi na kipasha-joto, hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mumewe.

Alikuwa rika moja na Mitsuko. Machi ile ya 1963, sikukuu ya wasichana, miezi miwili baada ya mazishi, Mama Mitsuko alikuja kumwomba mama yetu: niazime mtoto wako kidogo, nimpime, nijue wangu angekuwa amefika wapi. Mama yetu hakuweza kukataa. Kwa hiyo kila tarehe tatu ya Machi dada alikwenda. Alisimama kwenye nguzo, ubao ukawekwa juu ya kichwa chake, kisu kikakata. Kisha walikula wali wa maharage mekundu, wawili tu.

"Alikuwa mpole," dada alisema. "Hata sikuogopa. Nilipofika miaka kumi na minne ndipo nilipoogopa. Alikata alama, akanigeuza, akanishika uso. Akasema, 'Umekua, Mitsuko.' Hakukosea jina, Mori. Niliyaona macho yake. Alijua mimi nani, na akaamua."

"Ukafanyaje?"

"Nilikimbia. Mwaka uliofuata sikwenda. Nilipita njiani nikamwona amesimama langoni na bakuli la wali, ameshikilia kitambaa juu yake usipoe. Nikavuka upande wa pili. Nilivuka upande wa pili miaka ishirini na minne. Nilimwamkia kwa mbali, 'Hujambo mama, baridi leo,' nikapita. Alipokufa zilipita siku nne kabla mtu hajajua. Mimi nakaa nyumba ya tatu kutoka pale."

Akavuta blanketi hadi kiunoni.

"Hakuacha kunipima," akasema. "Mimi ndiye niliyeacha kwenda."

Baada ya wiki mbili barua ya akina Inoguchi ikafika. Walitaka kuhamia. Walitaka nyumba ya Nagahori. Mzee Tokuji alifungua chupa ya pombe yake nzuri, ile asiyomuuzia mtu. Mwalimu mkuu alilia mbele za watu. Mtoto wa nane alikuwa amepatikana, na ni dada pekee aliyekaa bila kugusa kikombe chake.

Nilimwambia awaandikie kwamba nyumba ina mchwa. Nilimwambia nitauvunja ukuta mmoja kwa nyundo, nitasema imebomoka.

"Wataondoka kabisa," alisema. "Na shule?"

"Basi tuikate ile nguzo."

"Ndiyo inayobeba paa. Wewe seremala unalijua hilo kuliko mimi." Akatabasamu kidogo. "Na yeye tumpeleke wapi?"

Januari alikwenda Osaka kwa treni, yeye ambaye hakupenda hata kushuka bondeni. Aliwaambia akina Inoguchi kwamba nyumba ya Nagahori haina jua wakati wa baridi na mtoto ataugua. Akawapa yake. Ina jua, alisema, ina bafu jipya, iko karibu na shule. Walipomuuliza yeye ataishi wapi, akasema ana nyumba ya ndugu, ya mtu wa makamo ya mama yake, anahitaji wa kukaa naye.

Wiki ya mwisho ya Februari nilimbebea vitu vyake. Vilikuwa vichache: godoro la kukunja, sufuria mbili, picha ya mumewe. Mzee Tokuji alipita, akasimama na mwavuli wake.

"Uzee wote huu ndio unataka kasri, Chizuru?"

"Nimechoka kutazamana na duka lako," alisema dada. Lakini Tokuji hakucheka. Alikuwa na umri wa kuyakumbuka mazishi ya Mitsuko. Alivua kofia, akatazama lango la nyumba ile kidogo, akaenda zake.

Tuliingia saa tisa alasiri. Nje theluji ilikuwa inang'aa na jua lilipenya kwenye karatasi za madirisha. Kila kitu kilionekana wazi. Dada alifungua chumba cha ndani. Alivua koti na kofia. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo, akageuka, akasimama. Mgongo akaunyoosha, jinsi alivyoweza. Visigino akavibana. Akafumba macho.

"Samahani, mama," akasema. "Nimechelewa."

Akangoja.

Kisha nywele za utosini mwake zikalala. Zilikuwa zimetimka kwa kofia. Zikalala, zikabanwa bapa, kama zimewekewa kitu kizito. Hapakuwa na kitu.

Nikasikia kisu.

Sauti ndogo, kavu, ya chuma kwenye mseda. Naijua sauti hiyo, nimeishi nayo. Ilichukua muda. Mtu asiye na haraka. Machozi yalikuwa yanamtiririka dada kwenye mashavu, lakini hakutikisika hata kidogo.

Iliponyamaza, alifumbua macho akanitazama mimi niliyeganda mlangoni.

"Nenda nyumbani, Mori," alisema. "Hatamdhuru mtu. Anauliza tu kwa nini nilikawia."

Akina Inoguchi walihamia Machi. Aprili shule ilifungua na watoto wanane, na mwaka uliofuata familia nyingine ikaja, kwa sababu Kazuhiro alikuwa akiweka picha za mtaa wetu kwenye mtandao. Wakana hakuukaribia tena mlango wa Nagahori. Hakukatazwa. Alikuwa akipita pale na begi lake la shule, akisimama kidogo langoni, anainama kwa heshima kama anayemwamkia mtu, kisha anakimbia kuwafuata wenzake.

Dada aliishi humo misimu mitatu ya baridi. Nilikuwa nampelekea kuni na figili kila siku mbili. Siwezi kusema aliteseka. Alinenepa kidogo, hata. Aliacha uenyekiti, akaacha simu, akawa mtu wa sauti ya chini. Mezani aliandaa bakuli mbili, na zote mbili niliziona zikitumika. Siku moja nilikuwa nimekaa naye kwenye ukumbi wa nje, tunamenya kaki. Nilimwita, "Dada." Hakugeuka. Nikaita tena, "Dada Chizuru." Hakugeuka. Nyumba ilikuwa kimya kabisa, hata upepo haukuwepo. Ghafla akainua kichwa kuelekea ndani, akaitika kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake.

"Abee, mama."

Akaweka kisu chini, akanyanyuka, akaenda.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, Nobue, kwamba twende tukamtoe. Nobue alikuwa anakunja nguo. Hakuinua macho.

"Jana nilimuuliza kama anataka kutoka," alisema. "Akaniambia, 'Nikitoka mimi, atatafuta mwingine. Na kusema kweli, Nobue, kwangu ni nani aliyewahi kusimama langoni akiningoja?'"

Mwanawe wa Nagoya alikuja mara moja tu katika miaka hiyo mitatu. Alikaa saa mbili. Alisema mama yake anaonekana vizuri.

Alifariki Machi ya 2022, theluji inaanza kuyeyuka. Mimi ndiye niliyemkuta, asubuhi, nimebeba kuni. Alikuwa ameketi chini ya nguzo, miguu ameikunja, mikono juu ya mapaja, uso umetulia. Alikuwa amefunikwa mabegani kwa koti la pamba la mtindo wa zamani ambalo sikuwahi kuliona. Nilipopiga magoti kumshika, ndipo nilipoziona nywele.

Dada alikuwa na nywele za kufika mabegani, za mvi, na alizifunga nyuma kwa raba tu, maana baridi yabisi ilikuwa imempinda vidole. Kifungo cha shati alikuwa akifungiwa na Nobue. Asubuhi ile nywele zake zilikuwa zimesukwa misuko miwili, iliyokazwa, iliyonyooka, imegawanywa katikati kwa mstari usiopinda hata kidogo. Kila msuko ulifungwa mwishoni kwa uzi mwekundu wa sufu.

Nobue alipokuja kumwosha, aliishika misuko ile mkononi muda mrefu.

"Hivi ndivyo mama yangu alivyokuwa akinisuka nikienda shule," alisema. "Siku hizi hakuna anayejua kusuka hivi."

"Ifumue," nikamwambia.

"Sifumui. Aliyesuka amesuka kwa upendo."

Basi tukampeleka hivyo hivyo bondeni, kwenye tanuri la kuchomea maiti. Tulikuwa wachache: mimi, Nobue, mwanawe, Mzee Tokuji, na akina Inoguchi wote watatu. Tuliketi tukanywa chai tukingoja. Wakana, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi, aliuliza kama bibi mwingine atabaki peke yake. Mama yake akamwambia anyamaze. Nami hilo ndilo nililokuwa najiuliza. Tangu siku ile nimeifunga nyumba, na kila Novemba wageni wa matembezi tunawapitisha njia ya chini.

Tulipoitwa, trei ilikuwa tayari imetolewa. Mifupa ilikuwa mieupe, imepangika kama mwili ulivyokuwa umelala. Mhudumu alitugawia vijiti, akatuelekeza tuanzie miguuni kama ilivyo desturi. Alikuwa mtu mzima, amefanya kazi ile miaka mingi, sauti yake haipandi wala haishuki. Tulichukua mifupa wawili wawili, tukaiweka chunguni. Magoti. Nyonga. Mbavu.

Tulipofika kichwani, mhudumu akanyamaza katikati ya maneno.

Hapo penye majivu, kulia na kushoto mwa fuvu, vilikuwepo vipande viwili vya uzi wa sufu. Vimefungwa fundo la upinde, kila kimoja. Vyekundu. Jeneza lilikuwa limekwisha, nguo zimekwisha, hata meno mengine yalikuwa yamepasuka kwa moto.

Mhudumu alinyoosha kijiti, akakigusa kimoja. Kikachezacheza, laini, kama kilichofungwa asubuhi ile.

"Hivi," aliuliza, akitutazama mmoja mmoja, "nani kaviweka?"